Barua ya wazi: Mheshimiwa, paka wabaki mjini

Kwa Mheshimiwa msimamizi wa visiwa vyetu vya hifadhi,
Mwanza.

YAH: UKAGUZI WA MIZIGO GATINI

Shikamoo Mheshimiwa. Tungekuandikia kwa njia ya kawaida, ila barua zetu za mwanzo bila shaka bado "zinafanyiwa kazi".

Wiki iliyopita boti ilipakia mabati, saruji na magunia ya mahindi ya kambi ya watumishi kisiwani. Gunia moja lilikuwa na tundu ubavuni, chenga za mahindi yaliyotafunwa zikimwagika, na mavi ya panya juu ya turubai. Likapakiwa hivyo hivyo. Kuuliza, tukajibiwa kwamba ofisi yako imeshapata dawa: watapelekwa paka.

Dawa hiyo ilishajaribiwa, Mheshimiwa. Mwaka 1949 paka watano walipelekwa kisiwa cha Marion, milki ya Afrika Kusini kwenye bahari ya baridi, wakamate panya wadogo wa nyumbani. Kufika miaka ya 1970 paka hao walizidi 2,000, wakiua ndege wa baharini wapatao 450,000 kwa mwaka. Paka wa mwisho aliondolewa mwaka 1991. Panya bado wapo, na wanatafuna makinda ya albatrosi, ndege wakubwa wa baharini, yakiwa hai kiotani.

South Georgia, kule Atlantiki ya Kusini, panya waliingia na meli za wawindaji wa sili na nyangumi. Kuwamaliza kulitaka helikopta, misimu mitatu kati ya 2011 na 2015, na zaidi ya tani 300 za chambo chenye sumu, kila pembe ifikiwe, kwa sababu akibaki jike mmoja mwenye mimba kazi yote ni bure. Kisiwa kikatangazwa kuwa hakina panya mwaka 2018. Lakini kule hakuna mamalia wa asili wa nchi kavu. Sisi tuna pimbi, nguchiro, bundi. Sumu ile huzuia damu kuganda na huua baada ya siku kadhaa. Siku zote hizo panya anatembea nayo mwilini, na anayemla anaila. Tiba yao sisi hatuiwezi. Tunaweza kinga tu.

Na kinga si ghali. Nafaka isafiri kwenye ndoo au mapipa ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza, si magunia. Mabati na mbao zilale juu ya vichaga, maana panya hujibanza katikati yake. Mzigo ufunguliwe kisiwani ndani ya chumba ambacho chini ya mlango hapapiti hata kidole, mitego ikiwa imeshategwa kandokando ya kuta. Panya hufuata ukuta, hakati katikati. Kamba za boti zivishwe visahani vya bati, panya asipandie. Gatini viachwe vipande vya nta vilivyochanganywa na siagi ya karanga, vikaguliwe kila wiki: alama za meno zitakupa habari mapema kuliko taarifa yoyote ya robo mwaka. Viatu na soksi vipigwe brashi pia, kwani vishonanguo havilipi nauli.

Mwaka jana, mbele ya kamera, uliahidi "ukaguzi wa kisasa". Hata wa kizamani tutaupokea.

Boti nyingine inapakiwa Jumatatu. Tunaomba mtu mmoja tu gatini, mwenye tochi na mamlaka ya kusema mzigo huu hauondoki. Mtu mmoja, Mheshimiwa, kabla ya Jumatatu.

Wako katika uhifadhi,
Wahifadhi wa kujitolea, Mwanza