Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mazingira: Bahari ya Lamu Isipimwe Vipande Vipande

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Lamu kuhusu athari limbikizi, yaani madhara ya miradi mingi yanapojumlishana mahali pamoja. Hapa kwetu kila mradi hupimwa peke yake, ripoti ikaandikwa kana kwamba mradi uliotangulia haukuigusa bahari.

Bandari yetu imepangiwa magati 32, na la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Kuchimba kina hutibua tope linalofunika matumbawe na majani ya bahari. Mikoko ikikatwa, kaa na kamba wachanga hukosa maficho. Meli zikipita, nyavu hazina budi kuondolewa njiani. Kila athari, ikiandikwa peke yake, yaweza kuitwa ndogo. Lakini mwenye dau hana pa kuhamia, hasa wakati wa kusi, bahari ya nje inapochafuka na kumbakisha kwenye maji yaliyokingwa na visiwa, ambayo ndiyo hayo hayo yanayotakiwa na kila mradi. Pwani hiyo hiyo, huko Kwasasi, ndiko kulikopangwa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, hadi wananchi walipokata rufaa na leseni ikafutwa Juni 2019.

Hata mbali na bandari, vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyotuhifadhia maji matamu. Nyumba moja juu yake haikaushi kisima, na kwa hoja hiyo moja nyumba ya ishirini nayo hupita.

Kifungu cha 57A cha sheria ya mazingira, kilichoongezwa mwaka 2015, kinataka sera, mipango na programu zifanyiwe tathmini ya kimkakati, yaani athari zake kwa mazingira zipimwe kwa upana kabla ya kutekelezwa. Ni hatua njema, ila haimfikii mwenye hoteli anayeleta ombi lake moja.

Naomba basi kanuni zirekebishwe, ili NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, isipokee ripoti isiyohesabu miradi iliyopo, iliyoidhinishwa na inayojulikana kuwa njiani katika eneo lile lile. Kumbukumbu za ufuatiliaji wa miradi yote ziwekwe mahali pamoja, wazi kwa umma. Na mipaka ya uvumilivu wa bahari na visima ikishafikiwa, ombi linalofuata likataliwe, hata likiwa dogo kuliko yote. Hesabu hiyo ifanywe kabla gati lolote jipya halijapewa leseni.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Lamu