Kwa mdogo wangu aliyerudisha funguo za kanisa

Mbukwa, mdogo wangu.

Habari zako zimenifikia kabla hujanipigia, kama ilivyo kawaida ya kijiji chetu. Nasikia Jumapili baada ya ibada ulimkabidhi mzee wa kanisa funguo, ukasema Mungu hakukuita kufagia na kupiga kengele, amekuita kuhubiri. Nakuandikia hadharani, bila kutaja jina lako, kwa sababu hauko peke yako. Huku mjini vijana wenye maneno kama yako ni wengi, na baadhi yao wameshachapisha mabango.

Mabango yenyewe umeyaona. Tangu serikali ihamie Dodoma na mji kujaa watu, nguzo nyingi za umeme zimepata mtume wake au nabii wake, amevaa suti, kipaza sauti mkononi. Sina ugomvi nao wote, wapo wanaomhubiri Kristo kweli. Lakini bango la mtu aliyeshika ufagio bado sijaliona, na kijana anayekua akitazama nguzo hizo ataona wito una sura moja tu.

Najua unamtegemea Samweli, maana nawe unasema ulisikia sauti usiku. Haya, tumsome Samweli. Kuitwa kwake tunakujua tangu shule ya Jumapili. Kinachofuata ndicho watu hukipita haraka: alilala hata asubuhi, kisha akaifungua milango ya nyumba ya Bwana. Kijana ametoka kuambiwa hukumu ya nyumba nzima ya Eli, kuhani aliyemlea, neno la kumkosesha mtu mzima usingizi, na kulipokucha akaenda kufungua milango kama jana na juzi. Hakumwendea Eli kumwambia kwamba sasa atafutwe mwingine wa kufungua.

Au Elisha. Wafalme watatu waliishiwa maji njiani wakienda kupigana na Moabu, Yehoshafati akauliza kama hakuna nabii wa Bwana hapo. Mtumishi mmoja akamtaja Elisha. Angeweza kusema huyu ndiye aliyeokota vazi la Eliya, au ndiye aliyepiga maji ya Yordani yakagawanyika. Alichosema ni kwamba huyu alikuwa akimmiminia Eliya maji mikononi. Sisi wa Ugogo hatuhitaji mwalimu wa Biblia atueleze kazi hiyo ni ya nani. Ni ya mtoto anayezunguka na birika na beseni wageni wakinawa kabla ya ugali wa uwele na mlenda, na akishamaliza hakuna anayekumbuka kumkaribisha mezani. Mfalme alitosheka na utambulisho huo, akasema neno la Bwana analo mtu huyu.

Utanijibu kwa Matendo 6, nakufahamu. Mitume wenyewe walisema haifai waliache neno la Mungu wahudumu mezani. Ni kweli walisema hivyo, na mimi sisemi kuhubiri si kazi. Ila angalia walitafuta watu wa namna gani kwa ajili ya meza zile. Wajane wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, na ili chakula kigawanywe kwa haki walitakiwa watu saba walioshuhudiwa kuwa wema, waliojaa Roho na hekima. Kwa kugawa chakula! Stefano na Filipo walikuwa miongoni mwa hao saba. Mahubiri yao yalikuja baadaye, na Luka hatuambii kwamba walikaa mezani wakihesabu siku za kuondoka.

Wewe ulikuwa mdogo sana kumkumbuka mama akienda kanisani na ndoo. Umoja wa Akina Mama walikuwa wakigawana zamu. Zamu yake ikifika aliondoka mapema, anawapanga watoto chini ya mti, anawaosha nyuso mmoja mmoja, matongotongo yote, kabla hawajaingia kuimba. Kijijini walimcheka. Maji yenyewe yalitoka kwenye makorongo ya mchanga, miezi ya kiangazi mtu anachimba mpaka mkono unapotelea, halafu mama anayamwaga kwenye nyuso za watoto wa watu.

Leo nafanya kazi kwenye kliniki ya macho na naweza kukueleza alichokuwa anakifanya. Vikope, ugonjwa wa macho unaoitwa pia trakoma, huambukizwa kwa vidole, kwa kanga moja inayofuta nyuso za watoto wote nyumbani, na kwa nzi wanaotua kwenye uchafu wa macho. Mtoto akiambukizwa tena na tena, ngozi ya ndani ya kope hupata makovu, makovu yanaivuta kope iingie ndani, na nywele za kope zinakwaruza kioo cha jicho kila anapopepesa. Huchukua miaka. Tunaowapokea wakiwa na kope zilizogeuka wengi ni wanawake watu wazima, waliougua wakiwa watoto, kisha wakaambukizwa tena na watoto waliowalea. Upasuaji wa kuirudisha kope upo na tunaufanya, lakini kovu lililokwisha kutokea kwenye kioo haliondoki kwa upasuaji huo. Watafiti waliofanya kazi Kongwa miaka ya 1990 walikuta kwamba watoto ambao nyuso zao ziliendelea kuwa safi walipata vikope vikali kwa uchache kuliko wenzao. Kwa hiyo wapo watu wazima kijijini kwetu wanaosoma Zaburi bila kushikiwa mkono, na sehemu ya sababu ni ndoo ile.

Mama hakuwahi kusema ana wito. Neno hilo alilitumia kwa wachungaji tu, kwa heshima, na hapo ndipo mimi na yeye tulitofautiana. Bwana alipojifunga kitambaa na kutia maji katika bakuli usiku ule wa Yohana 13, alikuwa anajua ametoka kwa Mungu na anakwenda kwa Mungu. Yohana ameliandika hilo kabla tu ya kutaja miguu. Kwake hapakuwa na vyumba viwili, kimoja cha utukufu na kingine cha beseni.

Sasa nikugeukie upande wa pili, kwa sababu wapo watakaoichukua barua hii wakusomee ili ukae kimya. Unyenyekevu huhubiriwa sana na wale unaowapunguzia gharama. Dayosisi yetu ya Central Tanganyika ilianza mwaka 1927 chini ya Askofu Chambers, na mwaka 1955 Yohana Omari akawekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mwafrika katika Kanisa Anglikana la Tanganyika. Majina hayo yameandikwa. Waliolifikisha neno kwenye mitaa yetu, mguu kwa mguu kutoka kijiji hadi kijiji, ni wainjilisti ambao hata makaburi yao hatuyajui yote. Mpaka leo mwinjilisti wa kijijini mara nyingi hula kwa jembe lake, na mvua ikikatika Februari mtama unakauka kwake kama kwa jirani. Kumwambia mtu huyo avumilie kwa kuwa Yesu aliosha miguu ni kumtumia Bwana vibaya. Usichanganye mambo hayo mawili. Ukidai mtaa wa kanisa ununue fagio mpya na kumlipa mwinjilisti nauli, hujapungukiwa unyenyekevu wowote. Na mzee wa kanisa anayekufundisha kujishusha, siku moja moja mpe ufagio uone.

Kuhusu chuo cha theolojia: tuma maombi Msalato. Nauli na pesa ya kujikimu muhula wa kwanza nitakutafutia, tutaongea na kaka. Wakikukataa, utanipigia na utalia, na mwakani utaomba tena kama bado moyo unakusukuma. Kwa sasa rudi kwa mzee umwombe funguo, maana nasikia Jumapili iliyopita watu walisimama juani mpaka saa nne. Na mchungaji atakapokuandikia barua ya utambulisho, mwombe aandike kazi uliyoifanya pale mtaani miaka hii yote. Ndoto zako uwaeleze mwenyewe wakikuuliza.

Dada yako