Programu za kufuatilia mtandao zikaguliwe kabla ya kubadilishwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo linalozigharimu ofisi zetu fedha bila sababu. Taasisi nyingi, zikiwemo halmashauri, hospitali na vyuo, sasa zina programu za kufuatilia mwenendo wa mtandao, zile zinazochora grafu na kutuma arifa laini inapolemewa au kukatika. Programu hiyo inapotoa taarifa zisizoeleweka, wakubwa huagiza inunuliwe nyingine yenye leseni ghali zaidi, au humbana mtoa huduma aongeze kasi ya laini. Nimefanya kazi hii ya mitandao kwa muda mrefu, na mara nyingi nimekuta kasoro iko katika namna kipimo chenyewe kilivyowekwa.

Kasoro inayopotosha kuliko zote ni ya kaunta, yaani namba ndani ya kifaa inayohesabu data zinazopita. Programu huiuliza ruta au swichi, yaani vifaa vinavyopitisha data, kwa itifaki ya SNMP (lugha ya kuulizia hali ya vifaa vya mtandao), imepitisha baiti ngapi tangu ilipowashwa. Kisha huchukua jibu jipya, hutoa lile la awali, na kugawanya kwa muda uliopita. Kaunta ya biti 32 ikifika baiti bilioni 4.29 hivi hurudi sifuri. Kwenye laini ya gigabiti 1 kwa sekunde iliyojaa, hilo hutokea kila baada ya sekunde 34, ilhali programu nyingi zimepangwa kuuliza kila dakika 5, hivyo kaunta huwa imezunguka mara kadhaa na programu haina namna ya kujua, ikachora matumizi madogo kuliko yaliyopo.

Niliwahi kuitwa katika ofisi moja ambako mfumo wa malipo ulikuwa ukikwama kila asubuhi, wananchi wamejipanga dirishani na risiti hazitoki, na meneja akinionyesha grafu iliyolala chini kabisa kama ushahidi kwamba mtandao ni mzima. Tulipobadili mpangilio ili programu isome kaunta za biti 64, ambazo ni kubwa mno kujaa upesi, kwa toleo la 2c la SNMP kwa kuwa toleo la 1 haliwezi kuzibeba, mstari ulipanda hadi juu kabisa. Seva ya jengo jirani ilikuwa ikihamisha nakala rudufu saa za kazi. Kazi hiyo ilihamishiwa usiku na foleni dirishani ikaisha, bila kununua chochote.

Kasoro nyingine ni nyepesi kutatua, ingawa husumbua vilevile. Kifaa kinachoonekana kimekufa wakati kinafanya kazi mara nyingi kimefungiwa poti 161 ya UDP, mlango wa maswali ya SNMP, kwenye faiawoli (kizuizi cha usalama wa mtandao), au neno lake la siri limebadilishwa bila programu kuarifiwa. Seva inayotumia saa ya UTC, ile ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, itaandika tukio la saa nane mchana kuwa la 11:00, na fundi atalitafuta mahali pasipo. Nazo ruta nyingi hutanguliza kupitisha data za watumiaji kuliko kujibu pingi, yaani ujumbe wa kujaribu kama kifaa kinafikika, kwa hiyo pingi zikipotea kwenye ruta ya katikati huku zikifika salama mwisho wa safari, hapo hakuna ubovu wa kumlaumia mtoa huduma.

Lipo pia suala la mahali programu inapokaa. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani, programu iliyouliza tu kama waya wa kwenda kwa mtoa huduma umeunganishwa ingeendelea kuonyesha rangi ya kijani, kwa sababu waya huo ulikuwa mzima. Ni lazima ipime pia huduma zilizo nje ya nchi ambazo watumishi wanazitumia kweli, na arifa zake ziwe na njia ya ujumbe mfupi wa simu, kwani barua pepe haiwezi kutoka kupitia laini iliyokatika.

Ninaziomba taasisi zetu ziweke ndani ya mikataba ya ununuzi wa programu hizi siku za kuhakiki vipimo kwa kuvilinganisha na matumizi halisi, na zimruhusu fundi wao wa ndani kugusa mipangilio badala ya kumsubiri muuzaji. Wanaoumia kwa kucheleweshwa ni wananchi walio dirishani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa mitandao, Morogoro