Tukiondolewa getini, msongo wa mawazo utabaki shuleni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu hoja iliyotolewa kwenye kikao cha wazazi wa sekondari moja hapa Tanga, kwamba sisi wauza vitafunwa tuondolewe getini kwa kuwa tunawanenepesha watoto na kuwamalizia nauli. Nauza mihogo ya kukaanga, kachori, kashata na ubuyu. Mtasema natetea riziki yangu. Naitetea, ndiyo, na kashata ni sukari, sibishi.

Lakini mwanafunzi mwenye njaa namjua. Anauliza bei kwanza, anachukua muhogo kwa sababu unashibisha, akishiba anaondoka. Yupo mwingine aliyekwisha kunywa uji wa shule. Siku matokeo ya moko, ule mtihani wa majaribio, yanapobandikwa kwenye ubao wa matangazo, majina yamepangwa kuanzia wa kwanza hadi wa mkia, huyo anakuja moja kwa moja kwenye kashata. Bei haulizi. Anakula kasimama, mgongo kaupa shule, na kabla kengele haijalia amerudi kuchukua nyingine. Jioni anarudi nyumbani Kange kwa miguu, maana nauli imeliwa.

Muuguzi mmoja, mteja wangu, alinieleza kwamba mtu akikaa na mawazo kwa muda mrefu mwili hutoa homoni ya kortizoli, na hiyo huamsha hamu ya kula, hasa vitu vitamu na vya mafuta. Akila anatulia kidogo. Utulivu ukiisha, anatafuta tena. Wengine huwa kinyume, chakula hakipiti kabisa, na hao ndio tunaowasifu kwamba wana adabu ya kula!

Wavulana nao wanakula hivyo hivyo, ila hakuna anayewasema. Msichana ndiye anayeitwa bonge na mroho, tena na shangazi yake mwenyewe, mbele ya wageni. Basi anaanza kula kwa kujificha. Nimeona wanaofunga kachori kwenye daftari wakaenda nazo chooni. Jamani, chooni!

Ombi langu kwa shule ni dogo. Matokeo ya mtoto yaandikwe kwenye ripoti yake, akabidhiwe mkononi, yasibandikwe kwa nafasi. Na mwalimu wa ushauri nasaha apunguziwe vipindi, maana huyo mmoja anafundisha madarasa mengi, anasimamia usafi, halafu tunategemea mtoto amfuate na siri yake saa ngapi? Nyumbani nako, mzazi ukiona mwanao anafungua kabati usiku, muulize siku yake ilikwendaje kabla hujamuuliza mkate umekwenda wapi.

Kuhusu kuhama, tukiambiwa tutahama. Ila ng'ambo ya barabara kuna duka la soda na biskuti, lina leseni, na kwenye kikao hakuna aliyelitaja.

Mama Mihogo,
Makorora, Tanga