Kujenga karibu na mpaka wa kiwanja: kuomba variansi Minnesota

Wateja wengi wanaotuletea kazi ya kuchora gereji ya nyumbani au baraza ya mbao hugundua wakati mchoro umekwisha kwamba jengo wanalolitaka linaingia katika nafasi ambayo jiji linataka iachwe wazi kati ya ukuta na mpaka. Hapo kibali cha ujenzi hakitoki, na njia iliyobaki ni kuomba variansi, yaani ruhusa maalumu ya kutotimiza kipimo fulani katika kiwanja hicho kimoja.

Kwanza hakikisha kama unaihitaji. Sheria ya Minnesota inamruhusu mwenye jengo la zamani, lililosimama kihalali kabla ya masharti ya leo, kulikarabati au kulijenga upya, mradi asilipanue. Kwa hiyo gereji kuukuu ikirudishwa palepale kwa ukubwa uleule, kwa kawaida variansi haihitajiki, ila matumizi yake yakikatika kwa zaidi ya mwaka mmoja, haki hiyo inaweza kupotea.

Mwaka 2010, Mahakama ya Juu ya Minnesota iliona kwamba jiji la Minnetonka lilitumia kigezo kisicho sahihi lilipotoa variansi ya kuongeza ghorofa juu ya gereji, kwa sababu sheria ya wakati huo ilimtaka mwombaji aonyeshe kwamba bila ruhusa hiyo mali yake haiwezi kutumika ipasavyo. Ni watu wachache sana wangefaulu kwa kigezo hicho. Mwaka 2011 Bunge la jimbo lililegeza sharti hilo, na sasa mwombaji huonyesha ugumu halisi: kwamba anachotaka kujenga ni cha busara, kwamba tatizo linatokana na hali ya pekee ya kiwanja ambayo hakuisababisha yeye, na kwamba sura ya mtaa haitabadilika. Ombi lazima pia lipatane na madhumuni ya kanuni na mpango mkuu wa jiji.

Sharti la pili ndilo linalowaangusha wengi, kwa kuwa barua zao hueleza familia badala ya ardhi. Mtu huandika, “Watoto wameongezeka na tuna magari matatu,” maneno ya kweli kabisa, lakini yangeweza kuandikwa na jirani yeyote. Linganisha na haya: “Kiwanja kiko kwenye kona, hivyo kinahesabiwa kuwa na mbele mbili, upande wa nyuma una mteremko mkali, na mahali pekee palipo tambarare ni futi nne kutoka mpakani.” Maelezo hayo mjumbe wa kamati ya jiji inayosikiliza maombi anaweza kuyahakiki kwenye ramani ya upimaji, na ndiyo sababu tunamwomba kila mteja aanze kwa mpima ardhi, hata kama gharama yake inauma. Hoja ya fedha peke yake haitoshi kisheria; kukosa mwanga wa jua kwa ajili ya mitambo ya sola, kwa upande mwingine, sheria inautaja waziwazi kuwa ugumu unaokubalika.

Omba kipimo kidogo kadiri inavyowezekana. Kama futi mbili zinatosha, usiombe tano ukitegemea kupunguziwa, kwani kamati si soko la kupatana bei.

Majirani watapata taarifa ya kikao, na ni vyema wakaisikia habari kutoka kwako mapema, mchoro ukiwa mkononi, kwa sababu pingamizi nyingi huzaliwa na mshangao. Jiji lina siku 60 za kuamua tangu lipokee ombi lililokamilika, na linaweza kujiongezea hadi siku nyingine 60 kwa kukuarifu kwa maandishi. Likikubali linaweza kuweka masharti, lakini lazima yahusiane na athari za ujenzi wenyewe na yalingane nazo. Likikataa, sababu hutolewa kwa maandishi, na unaweza kulipeleka shauri katika mahakama ya wilaya.