Shukrani kwa mzee wa mizabibu, Bremm

Mzee wangu, jina lako sikuuliza, na aibu hiyo ni yangu. Jumamosi ile juu ya Bremm, Ujerumani, pale mto Mosel unapojikunja chini ya mashamba ya Calmont yenye mteremko wa hadi nyuzi 65, jiwe la sleti lilinichania tairi la nyuma la baiskeli ubavuni. Tyubu mpya ingetokeza kwenye tundu na kupasuka tena. Uliacha mkasi wa kuchumia zabibu, ukakata pakiti ya maziwa, ukaikunja na kuipachika ndani ya tairi. Mimi, mtoto wa fundi baiskeli wa Tanga, nimeshika pampu tu! Kiraka chako kilivumilia changarawe hadi Cochem. Zabibu ulizonijazia mfukoni ziliisha kabla ya Ediger. Asante sana, mzee.