Injini Inanguruma, Boti Haiendi: Jinsi Tunavyofufua Boti ya Jeti Iliyotelekezwa

Malalamiko tunayoyapokea mara nyingi katika karakana yetu hapa Bukavu yanafanana. Mteja amenunua boti ya jeti iliyotumika, iliyokaa miaka kadhaa chini ya turubai. Ameiwasha, injini inanguruma kwa nguvu zake zote, lakini boti inajikokota majini kana kwamba bado imefungwa gatini. Wengi hufika wakiwa wameshaamua kununua injini nyingine. Tunawaomba wasubiri, kwa sababu injini inayopandisha mizunguko kwa wepesi huku boti haisongi kwa kawaida haina kosa, na ugonjwa uko kwenye pampu.

Boti ya jeti haina elisi nje. Maji huvutwa kupitia tundu lililo chini ya boti, hupita kwenye wavu wa chuma, husukumwa na impela, yaani gurudumu lenye mabawa, inayozunguka ndani ya pete, kisha hutupwa nyuma kwa kasi kupitia mdomo mwembamba, na kani hiyo ndiyo inayoipeleka boti mbele. William Hamilton aliuendeleza mfumo huu huko Nyuzilandi katika miaka ya 1950 kwa ajili ya mito yenye kina kifupi na mawe mengi. Katika Ziwa Kivu adui wake ni plastiki, ile ile inayoelea hadi Mto Ruzizi na kuisumbua mitambo ya bwawa la umeme, pamoja na vipande vya nyavu za sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili. Mfuko mmoja ukijibana kwenye wavu, pampu hukosa maji, hunyonya hewa, na mizunguko hupanda bila msukumo wowote. Ndiyo maana, kabla ya kufungua chochote, fundi wetu hulala chini ya boti akiwa na taa na kuchunguza tundu hilo.

Wavu ukiwa safi, tunapima nafasi iliyopo kati ya ncha za mabawa ya impela na pete inayoyazunguka. Katika boti ndogo, pampu ambayo haijalika huwa na nafasi isiyofika nusu milimita. Tunaingiza vibamba vya kupimia katika pande zote nne, maana pete hailiki sawasawa, na upande mmoja unaweza kuonekana mpya ilhali wa pili umekwisha. Boti zinazotoka upande wa Goma, ambako mchanga wa ufukweni ni mweusi na mkali kwa sababu ya lava, huja na mikwaruzo inayozunguka pete nzima, na ukipitisha kidole kwenye ncha za mabawa unahisi jinsi chuma kilivyoliwa. Kubadilisha pete na kutengeneza impela ni gharama ndogo mno ukilinganisha na bei ya injini, na inatuuma kumwona mtu akimaliza akiba yake kwa kitu ambacho hakikuharibika.

Ikiwa bado hujaiwasha boti yako, tafadhali usiiwashe. Petroli iliyolala miezi mingi huacha utando unaonata ndani ya kabureta, na mara nyingi maji yameshajikusanya chini ya tangi. Mimina kiasi kwenye chupa ya kioo, uiache itulie, na maji utayaona yamejitenga chini. Tunaondoa mafuta hayo yote, tunafungua buji (plagi za cheche), tunadondosha oili kidogo ndani ya kila silinda, kisha tunaizungusha injini kwa mkono. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, kwa hiyo feni ya chumba cha injini ni lazima ifanye kazi kwa muda usiopungua dakika 4 kabla ya mtu yeyote kugusa ufunguo. Boti ikiwa nchi kavu na unaisafisha kwa mpira wa maji, washa injini kwanza ndipo ufungue maji, na wakati wa kumaliza funga maji kwanza ndipo uzime. Ukifanya kinyume, maji yanaweza kupanda kupitia bomba la moshi hadi kwenye silinda.

Hali ni tofauti pale ambapo mizunguko yenyewe ndiyo inayokataa kupanda. Ziwa letu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na injini ya kawaida isiyo na turbo hupoteza hapa takribani asilimia 15 ya nguvu zake. Boti iliyotumika pwani huja na impela inayoilemea injini iliyopungukiwa nguvu hivyo, na kabureta zake humwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, kiasi kwamba buji huwa nyeusi kwa masizi. Tunapunguza vitundu vya kabureta na, inapobidi, tunaweka impela nyepesi zaidi.

Wengine hutuletea usukani wakidhani umekufa. Boti ya jeti hugeuka kwa nguvu ya maji inayoyatupa, hivyo ukiachia gesi ghafla haitakutii. Hilo ni umbile lake, nasi hatutozi pesa kwa maelezo hayo.

Unapotuletea boti, njoo na namba iliyochapwa kwenye pampu pamoja na ile ya injini, utueleze mara ya mwisho ilielea lini, na uyaache mafuta yaliyomo kama yalivyo ili tuyaone wenyewe. Bei ya matengenezo tunakupa baada ya kupima pampu.